Diski Iliyosubiri Utepe

Afisa Mipango alikuwa na mwavuli mweusi ambao sikuwahi kuuona umefunguliwa. Aliubeba kila siku, masika na kiangazi, ungali ndani ya nailoni yake ya dukani, na mvua ikimkuta njiani aliuficha ndani ya koti usilowe. Mfuko wa shati ulikuwa na kalamu ya wino ya kutazamwa, na mfuko wa suruali ulikuwa na kipande cha penseli cha kuandikia. Viti vya ofisini kwake vilivaa plastiki mpaka vikazeeka, na sisi tuliovikalia tuliinuka na jasho limetugandishia gauni mgongoni. Ukimuuliza, alikuwa na jibu moja tu: "Kitu kipya kina siku yake."

Namwita Afisa Mipango kwa sababu Newala nzima ilimwita hivyo, hata baada ya kustaafu, hata alipokuwa hana mpango wowote zaidi ya kwenda kunyolewa kila Jumamosi. Ukoo wake siujui na sikuwahi kuuliza. Alikuwa mtu wa kuja, aliyeletwa na barua ya uhamisho miaka ya mwanzo ya uhuru, na nadhani walioiandika barua ile walimsahau huku.

Mazungumzo yake yote aliyaanza kama barua ya serikali. "Yahusu chai," angesema akiingia mgahawani, kisha akanyamaza mpaka watu wote watulie, ndipo aagize. Inasemekana hata alipokwenda kuposa kule Chiwata alisimama uani kwa wakwe akatamka, "Yahusu ndoa," na baba mkwe akadhani ameleta amri ya kuhamisha watu, akaanza kufungasha. Kisa hicho sikukishuhudia, lakini nakiamini, kwa kuwa watu wa kwetu walikuwa na kila sababu ya kufungasha wakimwona.

Nilimwona kwa mara ya kwanza nikiwa mtoto wa miaka tisa hivi, wakati wa vijiji, serikali ilipokuwa ikiwahamisha watu. Nyumba yetu ilikuwa upande wa Mkunya, karibu na ukingo wa uwanda, ndani ya shamba la mikorosho ambalo mama alilipanda mwenyewe mti mmoja baada ya mwingine. Afisa Mipango alikuja na ramani, kamba na vigingi. Alikuwa amevaa viatu vya ofisini vyenye kung'aa, akiruka vichuguu asivichafue. Alitupangia kijiji kipya kando ya barabara, nyumba zote mstari mmoja ulionyooka, milango yote ikitazama njia, ili mkubwa akipita na gari aone kijiji kizima bila kushuka.

Wazee walimweleza kwa adabu zote. Vita ilikuwa inaendelea ng'ambo ya Ruvuma, na watu wa upande wetu walikuwa wameshajifunza kuogopa sauti ya ndege. Ndiyo maana walijenga chini ya miti, nyumba moja huku na nyingine kule. Nyumba zikipangwa mstari, zitaonekana kutoka juu. Afisa Mipango akaikunjua ramani yake, akaitazama muda mrefu, akaikunja tena.

"Yahusu ndege," akasema. "Ndege haimo kwenye ramani."

Basi tukahama. Mama aliibomoa nyumba yake mwenyewe kwa sababu mgambo waliotumwa kuibomoa walikuwa wanavunja hata nguzo ambazo angeweza kuzitumia tena. Mikorosho ikabaki, shamba likawa mahame, na miaka ilivyokwenda wengine wakawa wanavuna wanavyotaka. Mama hakuacha kuihesabu. Ilikuwa thelathini na mmoja, na kila mmoja aliujua kwa tabia zake, huu unachelewa kutoa maua, huu korosho zake ndogo lakini nzito. Jioni akisuka mkeka alikuwa akiitaja kimyakimya, na sisi watoto tulijifunza kutomkatiza.

Sasa nieleze habari ya bomba, kwa kuwa bila bomba hutamwelewa mtu huyu.

Juu uwandani kwetu hakuna maji. Wanawake waliteremka bondeni kwenye chemchemi na kupanda na debe kichwani, njia ya mwinuko mkali inayoteleza hata wakati wa kiangazi. Kijiji kipya kiliahidiwa bomba, na kusema kweli, bomba lilikuja. Lilijengwa vizuri, kwa saruji, na Afisa Mipango alilisimamia kama mwanawe. Siku mafundi walipofungua maji kuyajaribu, tuliyaona kwa macho yetu yakitoka. Kisha akalifunga kwa kufuli, akalizungushia utepe mwekundu, akatangaza kwamba mgeni rasmi atakuja kulizindua.

Mgeni hakuja. Kwanza mambo ya mpakani yalikuwa yamechafuka, kisha akawa na mkutano, kisha mvua ikaharibu barabara. Utepe ukapauka kwa jua, Afisa Mipango akaubadilisha. Ukapauka wa pili naye akaubadilisha. Wakati wote huo maji yalikuwa ndani ya bomba, hatua chache kutoka mlangoni kwetu, na mama alikuwa akiteremka bondeni kila alfajiri. Wiki ya saba au ya nane aliteleza na debe lake, goti likapinda vibaya, likapona vilevile lilivyopinda. Amechechemea tangu siku hiyo. Mgeni alikuja baada ya mwezi mmoja, akakata utepe, akanywa maji kwenye glasi, akashangiliwa.

Ningependa kusema kwamba Afisa Mipango alikunywa maji ya bomba kwa siri huku wengine wakihangaika. Ingekuwa rahisi zaidi kumchukia. Lakini ufunguo ulikuwa mfukoni mwake na hakuutumia hata mara moja. Aliteremka bondeni mwenyewe na ndoo yake, na viatu vyake vya kung'aa, akapanga foleni nyuma ya wanawake na kupanda mlima akihema. Mtu akitaka kumsaidia alikataa. Alikuwa mpumbavu mwaminifu, na mpumbavu wa namna hiyo hana dawa, maana huwezi hata kumshitaki.

Miaka ikapita, nikasoma, nikawa fundi wa kompyuta na mama wa watoto wawili, Hadija na mdogo wake. Ukaja mradi mmoja mjini Newala, wenye wafadhili wake, wa kuandikisha mahame. Kila aliyehamishwa wakati wa vijiji alitakiwa aje aseme aliacha wapi mikorosho yake, maelezo yaingizwe kwenye kompyuta, na atakayekuwa ameandikwa kufikia siku ya kufunga mradi apewe barua ya kurudishiwa shamba. Asiyeandikwa, basi tena. Muda wote ulikuwa msimu mmoja. Mimi niliajiriwa kuitunza seva, ile kompyuta kubwa inayohifadhi majina yote. Na mtu aliyeitwa kutoka kwenye kustaafu awe mratibu, kwa sifa kwamba anayafahamu mahame yote, alikuwa ni yuleyule aliyeyafanya yawe mahame.

"Shikamoo, Mzee," nilimwambia siku ya kwanza.

"Marahaba. Yahusu kazi," akajibu, akanionyesha kiti chenye plastiki.

Kazi ilianza vizuri kwa wiki mbili. Kisha wazee wakaanza kuja kwa wingi, na seva ikaanza kugota. Mama Zuhura, karani wetu wa kuandika, alikuwa akibonyeza kitufe halafu anakaa, anakunja mikono, anamaliza habari nzima ya harusi ya jirani yake ndipo jina liingie. Kwenye benchi nje wazee walikaa tangu asubuhi, na saa tisa tuliwaambia warudi kesho. Mama yangu naye alikuwamo. Alikuja kutoka kijijini na mguu wake, akarudi bila kuandikwa. Alikuja tena, akarudi tena.

Ugonjwa wa seva niliujua. Kumbukumbu yake ya kufanyia kazi ilikuwa ndogo, kama meza ndogo ya karani. Meza ikijaa, mambo yanayosubiri huwekwa pembeni kwa muda, na yakihitajika hurudishwa mezani. Pembeni huko mafundi tunakuita swopu, nako ni faili linalokaa kwenye diski. Diski yetu ilikuwa moja, ya zamani, na ndiyo hiyohiyo iliyotunza majina. Kwa hiyo kila mara ilikuwa inaacha kuandika majina ili ikabebe mizigo ya swopu, kwenda na kurudi, na kazi yote inasimama. Lakini ndani ya seva hiyohiyo wafadhili walikuwa wameweka diski ya pili, mpya na ya kasi, tupu kabisa. Nilichohitaji kilikuwa kuihamishia swopu huko. Ni kazi isiyofika saa moja.

Diski mpya ilikuwa inasubiri mgeni rasmi.

Afisa Mipango alikuwa ameifunika seva kwa kitambaa cha kufuma, cheupe chenye maua ya pinki pembeni, na mbele yake akaizungushia utepe mwekundu wenye fundo kubwa. Nilipoliona fundo lile nilikumbuka bomba. Nikamwomba kikao, akaitisha kikao rasmi cha watu watatu, mimi, yeye na Mama Zuhura, na akafungua kwa sala.

"Yahusu swopu," akasema. "Hilo faili ni mali au si mali?"

"Si mali, Mzee. Ni mahali pa kuwekea mambo kwa muda."

"Lina jina la mtu ndani yake?"

"La kudumu halimo. Ukizima seva, kilichomo chote hakina kazi tena."

"Kumbe ni takataka," akasema, akatikisa kichwa kwa masikitiko. "Mama Hadija, wewe ni mtoto wa watu. Kwenu mkijenga nyumba mpya, mnaanza kwa kuingiza takataka?"

"Mzee, wazee wanarudi makwao hawajaandikwa. Tukiihamisha, watamalizika."

"Watamalizika baada ya uzinduzi. Andika, Mama Zuhura. Swopu ibaki ilipo."

"Uzinduzi ni lini?" nikauliza.

"Mgeni ana mkutano," akasema.

Mama Zuhura akanitazama, mimi nikautazama ukuta. Nilikuwa na hasira ya kutosha kuvunja kiti, na kisingevunjika kwa sababu ya ile plastiki.

Jumatatu mama alirudi mara ya tatu. Nilimwona dirishani akishuka garini, anashika mlango wa gari kwa mikono miwili, anaushusha kwanza mguu mbovu. Alikaa benchini mpaka saa tisa. Tulipotoka alisema tu, kwa matamshi ya kwetu, "Nwanangu, ntu yule bado anafunga bomba?" Hakusema kwa uchungu. Aliuliza kama anayeulizia hali ya hewa, na hilo ndilo lililoniumiza.

Kesho yake Jumanne, saa saba mchana, Afisa Mipango alitoka na mihogo yake miwili ya kuchemsha, akakaa barazani akiupa mgongo mlango kama kawaida yake. Alikula mihogo miwili kwa saa nzima, kila siku, akitafuna kwa utaratibu. Nikainua kitambaa cha maua. Utepe sikuugusa. Kwa nini niuguse? Swopu haipiti kwenye utepe. Mama Zuhura alisimama mlangoni akijifanya anachana nywele. Nilipomaliza, alirudi kwenye kiti chake, akabonyeza kitufe, na jina likaingia kabla hajapata nafasi ya kukunja mikono.

"Mungu wangu," akasema.

Alasiri ile benchi lote liliisha. Mama, aliyekuwa amekuja tena siku ile, alikuwa wa nne kuitwa. Alikaa mbele ya Mama Zuhura akaanza kuitaja mikorosho, wa kwanza ulio mlangoni, wa pili nyuma ya jiko, na Mama Zuhura akaandika yote thelathini na mmoja bila kusimama. Niliingia stoo nikalia, na sioni haya kusema.

Nilikuwa nimesahau kitu kimoja. Diski isiyofanya kazi taa yake haiwaki, na inayofanya kazi humetameta. Na Afisa Mipango alikuwa akiifuta seva vumbi mwenyewe, kila Alhamisi, kwa kitambaa cha flaneli.

"Mama Hadija," akaniita Alhamisi hiyo. Sauti yake ilikuwa ya chini mno. "Hiki kinachonikonyeza hapa chini ya utepe ni nini?"

Nilifikiria kusema uongo. Nikaona kwamba mtu aliyepanda mlima ule na ndoo yake hastahili uongo, hata kama anastahili mengine mengi. Nikamweleza yote.

Akakaa chini. Kisha akainuka, na nilichokiogopa kikatokea. Akasema majina yote yaliyoandikwa tangu Jumanne saa saba yafutwe, kwa kuwa yameingizwa kwa kifaa ambacho hakijazinduliwa. Wenye majina warudi baada ya uzinduzi wakaandikwe kihalali. Mradi ulikuwa unafungwa baada ya siku kumi, na mgeni bado alikuwa na mkutano.

"Mzee, majina hayapo huko," nikasema. "Majina yote yako kwenye diski ya zamani, kama ulivyoagiza. Huku kuna ile takataka tu."

"Nitajuaje?"

"Nazima seva mbele yako."

Nikaizima. Nikaiwasha bila kuitumia kabisa diski mpya. Taa chini ya utepe ikatulia, na kwenye kioo jina la mama yangu likatokea, na mikorosho yake yote, pole pole sana lakini bila kupungua hata mmoja. Afisa Mipango aliyasoma majina ya Jumanne moja baada ya jingine akiyafuatisha kwa penseli. Alipofika la mama alisimama kidogo, kisha akaendelea. Kisha akazunguka chumba mara mbili, mikono nyuma.

"Kwa hiyo kimetumika lakini hakina kitu," akasema.

"Ndiyo, Mzee."

"Andika, Mama Zuhura." Akalikaza fundo la utepe. "Diski mpya ilikuwa katika majaribio. Majaribio yaendelee."

Namna hiyo. Neno moja. Nilisimama pale nikilisikia neno lile likizunguka kichwani, na badala ya furaha nilishikwa na ghadhabu ambayo sikuwahi kuijua. Mafundi wa bomba walikuwa wameyafungua maji siku ile ili kuyajaribu. Angeliandika neno hilihili kwenye daftari lake, mama asingeteremka bondeni. Nilitaka kumwambia. Lakini benchi lilikuwa limejaa, na siku zilikuwa kumi, nikairudisha swopu kwenye diski mpya.

Mgeni rasmi alikuja siku moja kabla ya kufunga mradi. Alikata utepe, taa ikaonekana inametameta, akageukia watu akasema mnaona wenyewe, imeanza kazi papo hapo. Tukapiga makofi. Afisa Mipango ndiye aliyepiga makofi kwa muda mrefu kuliko wote. Wazee walikuwa wamekwisha kuandikwa, na benchi nje lilikuwa tupu.

Barua ya mama ilitoka mwaka uliofuata. Alipovuna mara ya kwanza alibangua korosho mwenyewe, akazifunga kwenye kitambaa, akaniambia nimpeleke kwa Afisa Mipango. Nilidhani ni utani. Nilimwuliza anakwenda kumpa zawadi kwa lipi, akasema anakwenda kumwonyesha, na kuna tofauti.

Mzee alikuwa amehamia Masasi mjini. Mwanawe mkubwa aliye Dar alikuwa amemjengea nyumba, na tuliiona tangu mbali, bati jekundu, vioo, na baraza la vigae. Tukabisha hodi. Sauti ikajibu kutoka nyuma, uani. Tukamkuta kwenye kibanda cha jiko, ana kitanda cha kamba, kigoda, kibuyu cha maji, na ule mwavuli ukining'inia kwenye msumari na nailoni yake.

Mama akamsalimia shikamoo, akaitikia marahaba, akatukaribisha tukae juu ya gunia.

"Nyumba ile ya nani, Mzee?" nikauliza, ingawa nilijua.

"Yahusu nyumba," akasema. "Ni yangu. Mwanangu atakuja kuifungua. Alisema Pasaka, kisha kukawa na kazi nyingi. Sasa amesema mwishoni mwa mwaka."

"Ni muda gani umekaa huku jikoni?"

"Mwaka wa pili."

Nilikuwa nimejiandaa kucheka na kicheko hakikuja. Mama alikifungua kitambaa chake, akaziweka korosho juu ya kigoda. Akamweleza zimetoka mti upi, wa nyuma ya jiko. Afisa Mipango alichukua moja, akaitafuna taratibu kama mihogo yake. Mama akajishika kwenye nguzo, akainuka, akaanza kuchechemea kuelekea kwenye nyumba mpya.

"Mama, haijafunguliwa!" mzee akaita.

"Sema ni majaribio," mama akajibu bila kugeuka.

Nilikuwa nimemsimulia mama kila kitu, na sasa nilijuta. Alipanda baraza, akausukuma mlango, ukafunguka. Akaingia, akakaa kwenye kochi lenye plastiki, tukaisikia ikilia. Sisi wawili tukabaki nje ya mlango, mzee amevua viatu na kuvishika mkononi.

"Neno hilo ungelilisema kule kwenye bomba, Nzee," mama akasema kutoka ndani, "ningekuwa na miguu miwili."

Mzee alisogea mpaka kizingitini. Nilidhani atakasirika.

"Yahusu mguu wako," akasema, akavihamishia viatu mkono wa pili, akaanza upya. "Yahusu mguu wako, Mama. Neno lenyewe nililijua. Hata siku zile nililijua. Niliogopa mgeni akija akute utepe umelegea."

Mama hakumwambia amemsamehe. Alimtazama tu, akaunyoosha mguu wake mbovu juu ya vigae vipya.

"Nina kiu," akasema.

Afisa Mipango akageuka kuelekea kwenye kibuyu chake uani, akasita, akarudi. Akaviweka viatu chini, akavuka kizingiti kwa miguu mitupu. Tulimsikia jikoni akichana boksi la glasi. Bomba lilikohoa, likakaa kimya, likakohoa tena, maji ya kwanza yakatoka na kutu. Akayaacha yamwagike mpaka yakawa meupe. Akaja na glasi kaishika kwa mikono miwili, imejaa mpaka juu, akatembea pole pole asimwage. Mama alikunywa yote, akamrudishia glasi, akamwambia aongeze.